Nyumba Ndogo Iliyokamilika: Mada kwa Wakazi wa Kata ya Nduguti



Tangu Wilaya ya Mkalama ilipoanzishwa mwaka 2012 na Nduguti kuwa makao yake makuu, ujenzi umeongezeka. Pamoja na nyumba bora, yameongezeka pia mapagale: kuta zilizosimama bila paa, zikinyeshewa masika baada ya masika. Mara nyingi mwenye pagale hakukosa bidii. Alianza na ramani kubwa kuliko mfuko wake. Fedha ikaishia kwenye linta, na familia ikaendelea kupanga chumba au kubanana kwa ndugu. Wahenga walinena kuwa kila mtu hujikuna ajipatapo. Katika ujenzi maana yake ni kwamba nyumba ndogo iliyokamilika ina thamani kuliko kubwa isiyohamika.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Nyumba ya mita 10 kwa 12 ina mzunguko wa mita 44. Ile ya mita 6 kwa 9 ina mzunguko wa mita 30. Kuta za nje zikiwa na kimo cha mita 2.7, kubwa ina mita za mraba 119 na ndogo 81, kabla ya kutoa milango na madirisha. Tofali la kufungamana lenye urefu wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 10 huhitajika 33 hivi kwa kila mita ya mraba. Tofauti ni matofali yapatayo 1,200 kwa kuta za nje pekee. Msingi, jamvi, kenchi na bati navyo hupungua.

Katika mita 6 kwa 9 hutosha vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko na stoo, endapo korido itaondolewa na vyumba kufungukia sebuleni. Familia ikikua, upande mmja wa mwisho huachwa bila dirisha wala choo, ili chumba kingine kiungwe baadaye bila kubomoa. Nafasi hiyo ichorwe kwenye ramani tangu mwanzo.

Kuhusu vifaa, Mwalimu Nyerere, alipotathmini miaka 10 ya Azimio la Arusha mwaka 1977, aliwakosoa watu waliokataa matofali ya kuchoma na vigae wakisubiri saruji na bati. Onyo hilo lingali na uzito. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umeeneza matofali ya kufungamana, yanayotengenezwa kwa udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Hayachomwi, hivyo miti husalimika. Hushikana yenyewe, hivyo udongo wa kujengea huokolewa. Lakini yana masharti. Udongo wa juu wenye mboji haufai. Tofali bichi likae kivulini na kumwagiliwa maji kwa siku zisizopungua 7. Likianikwa juani, hupasuka.

Tembe za wazee wa nyanda hizi za kati nazo zina la kufundisha. Kuta nene na paa la udongo zilizuia joto la mchana na baridi ya usiku. Udhaifu wake ulikuwa kuvuja na mchwa. Anayejenga leo anaweza kuchukua lile jema: kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la alasiri lipige kuta fupi tu, madirisha yatazamane ili hewa ipite, na chini ya bati pawe na dari.

Ufundi mzuri huonekana mahali pasipopigwa picha. Msingi wa mawe uinuke juu ya usawa wa ardhi. Paa litokeze sentimita 60 nje ya ukuta, ili mvua isiumwagikie. Kenchi zifungwe kwa waya uliozamishwa ukutani, kwa kuwa upepo wa Singida haubembelezi paa lililopigiliwa misumari pekee. Paa hilo la nyumba ndogo, pamoja na vipenu, lina mita za mraba 73. Mvua ya milimita 20 huliangushia takriban lita 1,460. Gata na tangi huokoa safari nyingi za ndoo.

Kabla ya kununua tofali la kwanza, mwenye kiwanja afike kwa wataalamu wa ardhi na ujenzi wa Halmashauri, ahakikishe mipaka na kuomba kibali cha ujenzi. Makubaliano na fundi yaandikwe, na malipo yafuate hatua zilizokamilika: msingi, kuta, linta, paa. Bajeti itengwe hadi paa, milango na choo ndipo msingi uchimbwe. Lipu na rangi vinaweza kusubiri. Watoto wanaolala nyumba ya kupanga hawapaswi kusubiri.