Nani Amemlipia Nauli? Hotuba kwa Wazazi



Neno nililoombwa kuwaambieni leo ni zito, nami naona afadhali kulisema wazi. Katika Kenya yetu wako watu wanaofanya biashara ya wanadamu, na bidhaa yao kubwa ni mabinti na watoto. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na waliouzwa pale walifikishwa kwa nguvu. Siku hizi binti hufunga mzigo wake mwenyewe, hupanda basi akicheka, na mama yake humpungia mkono.

Anayekuja kumchukua mara nyingi si mgeni. Huenda ni jirani aliyekaa mjini miaka mingi, au hata shangazi. Asema iko kazi ya nyumbani Mombasa au Nairobi, na mtoto atasomeshwa. Nauli ameilipa yeye. Hapo ndipo nitakapo msimame kidogo, maana nauli hiyo si zawadi. Wakifika, binti huambiwa ana deni: la nauli, la chakula, la nguo alizonunuliwa. Simu yake huchukuliwa, na kitambulisho pia kama anacho. Kazi iliyotajwa haipo. Hupelekwa baa au chumba cha kupanga, na deni hulipwa kwa mwili wake. Hapati njia ya kuwaarifu wazazi, na akiipata huona haya. Nyumbani kimya chake hudhaniwa ni kiburi cha mjini.

Mzee mmoja ataniuliza, "Alikwenda kwa hiari yake, kosa liko wapi?" Sheria ya mwaka 2010 ya kupinga biashara hiyo yajibu kwamba ridhaa iliyopatikana kwa hila au vitisho haihesabiwi. Na kwa mtoto aliye chini ya miaka 18, hata hila haina haja ya kuthibitishwa. Yatosha kwamba alichukuliwa ili atumiwe vibaya. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au yote mawili.

Lakini sheria hiyo hufika baada ya basi kuondoka. Kabla ya hapo, muulizeni mleta habari: mwajiri ni nani, akaa mtaa gani, mshahara ni kiasi gani, shule ni ipi? Ombeni namba ya simu ya mwajiri, mkampigie papo hapo. Semeni kwamba mzazi mmoja atamsindikiza binti mpaka mlangoni. Akikasirika, mmekwisha pata jibu. Najua kwetu ni vigumu kumhoji shemeji aliyekwisha kunywa chai yenu; mhojini hivyo hivyo.

Na ikiwa binti amekwisha kwenda akarudi ameumizwa, msianze kumwuliza alivaa nini. Mpelekeni hospitali upesi, kabla hajaoga, pamoja na nguo alizovaa, kwa kuwa ni ushahidi. Dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi yafaa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita tangu alipotendewa.

Mwenye kushuku kwamba mtoto yeyote amechukuliwa hivyo, awe wake au wa jirani, apige simu namba 116. Hailipiwi, nayo hupokewa usiku na mchana.