KAYA ZA WAMIJIKENDA: ARDHI ILIYOPANGWA BILA KARATASI



Mgeni apitaye katika njia za Kilifi au Kwale huona mashamba ya mahindi, mihogo na minazi, kisha kwa ghafula huona kilima kimoja kilichofunikwa na miti mikubwa iliyosongamana. Atadhani kuwa hilo ni pori lililosahauliwa na wakulima. Kudhani hivyo ni kosa, na ni kosa lililowagharimu watu wa Pwani mambo mengi. Mahali hapo hapakusahauliwa. Palichaguliwa, palipangwa na kulindwa na watu wasiokuwa na ramani ya karatasi, napo huitwa kaya.

Wamijikenda ni makabila tisa: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma. Masimulizi yao yasema kwamba wazee wao walitoka Singwaya, upande wa kaskazini, wakikimbia vita vya Waoromo, ambao zamani waliitwa Wagala. Tangu karne ya 16 walijenga miji yao ndani ya misitu, aghalabu juu ya vilima, na mpango wa miji hiyo wastahili kuelezwa kwa utaratibu.

Msitu wenyewe uliachwa uizunguke kaya kama boma. Njia zilizoingia zilikuwa chache na nyembamba, tena zilikuwa na malango, hata adui asiweze kupita kwa wingi bila kuonekana. Katikati palikuwa na uwanja uliofyekwa, na hapo ndipo iliposimama nyumba ya baraza, iitwayo moro. Koo zilikuwa na mahali pake. Palikuwa na mahali pa kuzikia wafu, na mahali palipozikwa fingo, yaani kilinzi cha mji, ambapo si kila mtu aliruhusiwa kupajua. Mashamba yalikuwa nje. Ramani hiyo yote ilikaa katika vichwa vya wazee, na sheria zake zilijulikana na watoto: mti usikatwe, ng'ombe wasichungwe ndani, na anayeingia apite katika njia iliyowekwa. Aliyevunja sheria alitozwa kuku au mbuzi. Afisa wa mipango wa siku hizi, mwenye sheria zilizopigwa chapa na askari wa kuzisimamia, hana budi kuona wivu kidogo.

Katika karne ya 19 hatari ya vita ilipungua na biashara ikakua, basi watu wakaanza kuhamia mashambani. Kufika miaka ya 1940 kaya zilikuwa hazikaliwi tena kama miji. Lakini baraza, sala za mvua na mazishi ya wakubwa hayakuhama.

Serikali ya kikoloni haikulielewa jambo hilo, au ililielewa kwa namna yake. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama, wakala kiapo cha kukataa amri za Waingereza. Mwaka 1914 kaya kuu ya Wagiriama, Kaya Fungo, ilipasuliwa kwa baruti. Waliotoa amri walifikiri kwamba wakibomoa mahali watavunja umoja wa watu. Wagiriama waliinua vita mwaka ule ule, na kaya ile yaheshimiwa mpaka leo.

Adui aliyefuata hakuja na baruti. Alikuja na shoka, na hati ya kumiliki ardhi. Hoteli za ufukoni zilipoongezeka, bei ya ardhi ilipanda; miti ya kujengea na kuni zilitakiwa mijini; na kilima kisicho na nyumba wala shamba kilionekana katika vitabu vya ardhi kuwa ni mahali pasipo mwenyewe. Mzee wa kaya aliyeulizwa hati yake hakuwa na la kuonyesha ila njia na makaburi.

Mwaka 1992 Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalianzisha kitengo cha kuhifadhi misitu ya Pwani, na kaya kadhaa zikatangazwa kuwa kumbukumbu za taifa. Kazi ya kutafuta mipaka haikuweza kufanywa ofisini. Ilibidi wazee waulizwe, kwa kuwa wao ndio waliojua msitu uliishia wapi kabla haujaliwa pembeni. Wataalamu wa mimea nao walistaajabu: misitu hii midogo, mingine ya ekari 25 tu na mikubwa ya ekari 1,000 hivi, ina mimea ambayo ni nadra kuonekana mahali pengine duniani. Mwaka 2008 UNESCO iliandika kaya kadhaa katika orodha ya Urithi wa Dunia, jumla ya hekta 1,538.

Huko Kaya Kinondo, karibu na Diani, wazee walikubali tangu mwaka 2001 kupokea wageni kwa masharti yao. Mgeni hufungwa nguo nyeusi kiunoni, huongozwa na kijana wa pale pale, haondoki na jani wala jiwe, na mahali pengine haonyeshwi kabisa. Kiingilio hubaki kwa wenyeji. Yafaa kuangalia kwamba wazee hawakuuza siri. Waliamua wenyewe njia ya mgeni ipite wapi na ikome wapi, kama walivyofanya babu zao kwa malango.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 63, yataja mahali pa ibada za jamii kuwa miongoni mwa ardhi ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ilifuata mwaka 2016. Hata hivyo sheria haizuii shoka usiku. Kijana asiye na shamba wala kazi huutazama msitu kwa jicho jingine, wala si haki kumlaumu pasipo kumpa njia nyingine. Ndiyo sababu watu wamehimizwa kupanda mivinje kwa ajili ya miti ya kujengea, na kufuga nyuki kando ya msitu.

Tena liko jambo zito kuliko hilo. Katika wilaya ambazo sasa ni Kaunti ya Kilifi, wazee wamepata kuuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya shutuma hizo pamekuwa na ugomvi wa ardhi. Kila mzee afaye hivyo huondoka na sehemu ya ramani ambayo mpimaji hakuwahi kuiandika: jina la lango, mpaka wa ukoo, na mahali ambapo mgeni asiongozwe.