Kamera ya Mzazi Uwanjani



Msimu wa UMITASHUMTA ukikaribia, twaulizwa: je, simu yatosha kumpiga picha mwanangu akicheza, au ninunue kamera?

Kabla ya kutoa fedha, ijueni kwanza kazi mnayoitaka. Mtoto anayekimbia huhitaji kamera ipige kwa kasi ya takriban sehemu moja ya 1,000 ya sekunde. La sivyo, mguu na mpira hutokea kama ukungu. Wingi wa megapikseli anaousifu muuzaji hauondoi ukungu huo. Aidha, kukuza picha kwa vidole kwenye kioo cha simu hakumsogezi mtoto, bali huipanua picha na kuififisha. Kinachomsogeza ni lenzi yenyewe. Basi ombeni kuijaribu kamera nje ya duka, kwa mtu anayekwenda mbio. Daini risiti na dhamana ya maandishi. Ikiwa imetumika, ikagueni lenzi, isiwe na kuvu wala mikwaruzo.

Iko pia gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Picha ya mwanao huwabeba na wana wa wenzio. Tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi; tuiheshimu. Ombeni ridhaa ya wazazi kabla ya kusambaza, na zimeni alama ya mahali ndani ya simu. Mtoto aliyekosa penalti hakuridhia kuchekwa na mtaa mzima.