Alama Zilizo Katikati ya Herufi

Mwanakwaya, shika karatasi yako ya nota za herufi: d, r, m, f, s, l, t. Mwingereza John Curwen alizieneza katika karne ya 19 ili watu wa kawaida waweze kusoma muziki, na wamisionari wakazileta Afrika.

Herufi tunazijua. Kinachotuangusha ni alama zilizo katikati yake. Nukta mbili hutenganisha mapigo. Nukta moja hukata pigo nusu kwa nusu. Kistari kinakuamuru uendelee kushika sauti ileile. Hapo ndipo kwaya nyingi huharibu: besi wanaachia mapema, wimbo unabaki na pengo. Nafasi tupu ndiyo kimya. Hapo nyamaza kweli. Kialama kidogo kwa juu hupandisha nota oktavu moja, kwa chini huishusha.

Ukiona p juu ya mistari, imba kwa sauti ndogo. Ukiona f hapo juu, imba kwa nguvu, lakini nakusihi usipige kelele: vuta pumzi toka tumboni, legeza koo.

Kwenye mazoezi yajayo, pigeni kwanza makofi ya mapigo ya ubeti mzima, kisha ndipo muimbe herufi, na maneno yaje mwisho.