SHINGO ILIYOUMIA: MASWALI MATATU KABLA YA KUMVUSHA MAJERUHI

Maelezo ya Afisa Habari kwa watumishi wa afya, viongozi wa vijiji na wavuvi wa visiwa vya Ukerewe

Mimi si tabibu. Kazi niliyokabidhiwa ni ya habari, nayo ni kuyachukua yale yaliyothibitishwa na wataalamu na kuyafikisha kwa wananchi kwa lugha wanayoielewa. Leo nitazungumzia jambo moja tu: namna ya kukata shauri pindi mtu anapoumia shingo mahali palipo mbali na mashine ya eksirei.

Ndugu Mwenyekiti,

Shingo ya mwanadamu ina pingili 7. Ndani ya pingili hizo hupita kamba ya mishipa ya fahamu iendayo mikononi, miguuni, kwenye kibofu, na hata kwenye msuli wa kupumulia. Pingili ikivunjika bila kamba hiyo kuguswa, majeruhi aweza kupona na kurudi shambani au ziwani. Lakini akinyanyuliwa ovyo, mfupa ukateleza na kuibana kamba, aweza kupooza maisha yake yote.

Utafiti wa Hospitali ya KCMC, Moshi, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba miongoni mwa walioumia uti wa mgongo, kuanguka ndiko kulikoongoza, na ajali za barabarani zilifuata. Hayo si mageni kwetu. Tunayo miembe na michungwa inayopandwa na watoto na watu wazima. Tunao vijana wanaojirusha majini kichwa mbele kutoka juu ya mawe, pasipo kujua kina. Tunazo bodaboda. Tunao wapagazi wanaoshusha magunia ya dagaa kwa kichwa.

Shauri lenyewe ni gumu kwa sababu lina hasara pande zote mbili. Majeruhi aliyeko Ukara huvushwa kwa kivuko hadi Bugolora, husafirishwa kwa barabara hadi Nansio, na akihitaji kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, huvuka tena ziwa hadi Mwanza. Safari hiyo hugharimu fedha, na ndugu huweza kuuza mbuzi au nyavu ili kuilipia. Kumpeleka kila aliyeteguka shingo ni kuwafukarisha watu bure. Kutompeleka aliyevunjika ni kumwangamiza. Je, mganga wa zahanati, asiye na eksirei, atawatofautisha vipi?

Ndugu Watumishi wa Afya,

Swali hilo limefanyiwa utafiti mkubwa. Mwaka 2000 wataalamu wa Marekani walitangaza kanuni ya alama 5, baada ya kuwachunguza majeruhi 34,069 katika hospitali 21. Mwaka 2001 wenzao wa Kanada walitangaza kanuni nyingine, iliyotokana na watu wazima 8,924. Kati ya hao, 151 walikuwa na madhara makubwa ya shingo, na kanuni haikumkosa hata mmoja. Mwaka 2003 kanuni hizo mbili zilipimwa pamoja kwa majeruhi zaidi ya 8,000. Ile ya Marekani ingewakosa 16. Ile ya Kanada ingemkosa 1.

Kanuni ya Kanada ina maswali matatu, nayo huulizwa kwa mpangilio huu:

(a) Je, ipo hatari kubwa? Yaani: majeruhi ana umri wa miaka 65 au zaidi, au anahisi ganzi au kuchomwachomwa mikononi au miguuni, au ameumia kwa njia ya hatari. Njia za hatari ni kuanguka kutoka mita 1 au ngazi 5 na zaidi, kujipiga utosi kama apigavyo mbizi, gari kupinduka, kwenda kwa kasi kubwa au kumrusha mtu nje, na kugongana kwa baiskeli. Kwetu sisi ni busara aliyerushwa na bodaboda ahesabiwe humo. Ikiwa jibu ni ndiyo, hapana kuendelea na maswali: atulizwe shingo na apelekwe penye picha.

(b) Je, ipo dalili ya nafuu inayoruhusu shingo kupimwa? Mathalani, amekwisha kutembea mwenyewe tangu aumie, au anaketi bila taabu, au maumivu yalianza baadaye, au hana maumivu anapobonyezwa katikati ya uti wa shingo. Pasipo hata moja, apelekwe penye picha.

(c) Je, aweza mwenyewe kugeuza shingo nyuzi 45 kushoto na nyuzi 45 kulia? Akiweza, hahitaji picha. Asipoweza, apelekwe. Mganga asimgeuze kwa mikono yake.

Inasisitizwa kwamba kanuni hii ni ya mtu mzima aliye macho, mwenye akili timamu na hali iliyotulia. Haitumiki kwa mtoto, kwa aliyezimia, wala kwa aliyekwisha kupooza. Aliyelewa naye asiruhusiwe kwa kanuni, kwa kuwa kauli yake kwamba haumwi haitegemeki. Aidha, kanuni ni msaidizi wa mganga na wala si bwana wake. Mganga akiwa na shaka, shaka hiyo nayo ni sababu ya rufaa.

Hata penye eksirei pana tahadhari. Picha isiyoonyesha pingili zote 7, pamoja na kiungo cha chini zinapokutana na pingili za kifua, haijakamilika. Madhara mengi hujificha hapo chini, nyuma ya mabega.

Ndugu Wavuvi,

Mtu aliyezama naye ana hukumu yake. Utafiti wa jimbo la Washington, Marekani, uliochapishwa mwaka 2001, uliwachunguza watu 2,244 waliozama. Walioumia shingo walikuwa 11 tu, na wote walikuwa wamepiga mbizi, wameanguka kutoka juu, au wamepata ajali ya chombo. Sisi tuliolia kwa ajili ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018, tulizingatie hilo. Aliyeopolewa hapumui apewe pumzi kwanza, mara moja. Shingo iangaliwe zaidi kwa yule aliyejirusha au aliyeanguka.

Kwa mintarafu ya kumbeba majeruhi, wananchi mnakumbushwa yafuatayo:

1. Asivutwe shingo, asikandwe, wala asiketishwe ili anyweshwe maji.

2. Anayepumua na asiye katika hatari ya moto au maji asiondolewe mpaka wapatikane watu wasiopungua wanne. Mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili na yeye ndiye atoe amri. Wengine wamgeuze kama gogo, mwili wote kwa pamoja.

3. Ubao mgumu ni wa kumhamishia, si wa kumlazia saa nyingi. Aliyepoteza hisia hapati habari ya maumivu, na kidonda cha mgongo huanza mapema. Safari ikiwa ndefu, alazwe juu ya godoro lililonyooka, na ageuzwe kwa utaratibu ule ule.

4. Mganga apige simu mbele ya safari, aandike saa ya ajali, na aandike kama majeruhi aliweza kusogeza vidole vya mikono na miguu. Maandishi hayo ndiyo yatakayomjulisha daktari wa Bugando kama hali inazidi au inapungua.

Jambo la saa si dogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliohusu majeruhi 313 wa shingo, ulionyesha kwamba waliofanyiwa upasuaji wa kuiondolea kamba mbano ndani ya saa 24 walipata nafuu kubwa zaidi kuliko waliocheleweshwa. Kwa hiyo kila asiyehitaji kuvuka akibaki nyumbani kwa amani, machela, boti na fedha za kijiji hubaki tayari kwa yule ambaye saa zake zinahesabika.

Ndugu Mwenyekiti,

Ombi letu ni kwamba maswali haya matatu yabandikwe ukutani katika kila zahanati ya visiwani, na kila kijiji kiwe na machela moja na watu wanne waliofundishwa kuibeba. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hapa kuuliza maswali matatu kwa mpangilio kwaweza kuokoa miguu ya mtu, na kwaweza kuokoa mbuzi wa jirani yake.