UDONGO NI HISA YETU YA KWANZA
Hotuba ya mwanachama wa shamba la pamoja la mboga, Kileo



Nimetakiwa niseme machache juu ya shamba letu la mboga hapa Kileo. Wenzangu wamekwisha kuzihesabu fedha zilizoingia katika miaka hii kumi. Mimi naomba nihesabu mali isiyoandikwa katika daftari la mtunza hazina, yaani udongo na maji.

Wazee wetu wa Upare waliijua hesabu hii. Kule mlimani walijenga ndiva, bwawa dogo la kukusanya maji ya kijito usiku kucha. Asubuhi ndiva ilizibuliwa, na maji yakashuka kwa mfereji hadi mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Ilipojaa tope, watu waliitwa msaragambo wakalizoa pamoja, na asiyefika alitozwa. Basi ushirika haukuletwa kwetu na vitabu vya risiti. Ulikuwako tangu zamani mferejini.

Sisi wa tambarare tuna hatari yetu. Mvua ni chache na jua ni kali. Mtu akijaza maji kupita kiasi, nayo hayana njia ya kutoka, jua huyakausha na chumvi hubaki. Akiona unga mweupe juu ya tuta, na ajue kwamba deni limeanza kudaiwa. Kwa hiyo mfereji wa kutoa maji wastahili heshima sawa na ule wa kuyaleta. Na matandazo ya majani makavu hulinda unyevu, ili maji machache yatoshe.

Naomba pia niungame kosa langu. Bei ya nyanya ilipokuwa nzuri, nilipanda nyanya katika kipande kile kile misimu mitatu mfululizo. Msimu wa nne akaja kantangaze, mdudu mwenye asili ya Amerika ya Kusini aliyeonekana nchini mwetu mwaka 2014, akatoboa majani na matunda. Nilinyunyiza dawa juu ya dawa. Fedha zikaisha, mdudu akabaki. Leo naifuata kanuni ya shamba letu. Nyanya, biringanya, pilipili na viazi mviringo ni mazao ya ukoo mmoja, wala hayafai kufuatana. Baada yake hupandwa kunde au choroko, zirutubishazo ardhi, kisha vitunguu. Samadi iliyooza vema hutiwa kabla ya kupanda, na mabaki yenye wadudu huondolewa shambani upesi na kuteketezwa.

Ndugu wanachama, vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini mwaka 1976, na sheria ya mwaka 1982 ikavifungulia mlango tena. Chama kikivunjwa, sheria yaweza kukirudisha. Udongo ukifa, hakuna Bunge liwezalo kuufufua kwa kura.

Kwa hiyo natoa ombi moja. Kila chama cha msingi kiandike katika daftari lake, pamoja na kilo zilizouzwa, zao lililopandwa katika kila kipande na zamu ya maji ya kila mtu. Nasi tuziheshimu zamu hizo hata usiku, wakati hakuna atuonaye. Tukifanya hivyo, watakaokutana hapa miaka kumi ijayo watakuta fedha katika sanduku, na shamba la kuzileta nyingine.