Uchaguzi wa Taa za LED za Kukuzia Mimea Ndani ya Nyumba: Hali ya Nairobi na Tatizo la Wati za Kwenye Boksi

Taa ya LED ya kukuzia mimea ni taa ya umeme inayotoa mwanga ambao mmea huutumia kujitengenezea chakula. Mwanga huo ni wa mawimbi ya kati ya nanomita 400 na 700, kuanzia zambarau hadi nyekundu. Wingi wa mwanga unaotoka kwenye taa hupimwa kwa mikromoli kwa sekunde. Unaoangukia majani hupimwa kwa mikromoli kwa kila mita mraba kwa sekunde. Na jumla ya siku nzima hupimwa kwa moli. Jua kali la saa sita mchana huleta takriban mikromoli 2,000 kwenye mita mraba. Letasi hustawi kwa moli 12 hadi 17 kwa siku, miche ya kitaluni kwa moli 6 hadi 12, na nyanya huhitaji 20 au zaidi. Lumeni zinazoandikwa kwenye balbu za kawaida ni kipimo cha jicho la binadamu, ambalo huona kijani zaidi kuliko rangi nyingine, kwa hiyo hazisemi mengi kuhusu jani.

Juu ya rangi ya mwanga, mjadala ungepaswa kuwa umekwisha. Vipimo vya mtafiti Keith McCree vilivyochapishwa mwaka 1972 vilionyesha kuwa mimea ya mazao hutumia rangi zote za mwanga huo, nyekundu zaidi, na kijani pia kwa kiasi kikubwa. Taa za zambarau zinazochanganya nyekundu na buluu peke yake hukuza mimea, ila hazina fadhila inayozidi taa nyeupe zilizoongezwa diodi nyekundu. Chini ya mwanga wa zambarau, tena, mkulima haoni jani linaloanza kuwa manjano wala vidukari vilivyojificha chini yake. Kwa nyumba ambayo watu hulala, hupika na kusoma humo humo, taa nyeupe ndiyo inayofaa.

Mwanga wa Nairobi

Nairobi iko digrii moja na ushei kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi. Mchana wake ni wa saa 12 na dakika chache mwaka mzima. Maelezo ya matumizi yanayokuja na taa kutoka nje huandikwa kwa ajili ya nchi zenye majira ya baridi, ambako mchana hufupika mno. Hapa taa haifidii majira, inafidia kivuli cha majengo. Katika Kilimani, Kileleshwa na Westlands, viwanja vilivyokuwa na nyumba moja na bustani sasa vina fleti za ghorofa nyingi, na anayeishi ghorofa za chini mara nyingi hutazamana na ukuta wa jirani. Kangemi na Kawangware kivuli huja kwa njia nyingine: ploti zimebanana, chumba kina dirisha moja, na mbele ya dirisha hilo kuna ukumbi.

Kabla ya kununua taa yoyote, dirisha lichunguzwe. Ushauri wa Ulaya kwamba mimea iwekwe kwenye dirisha la kusini hauna maana Nairobi. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki hupita kusini. Dirisha la mashariki au la magharibi hupata nusu siku ya jua mwaka mzima. La kaskazini hupata jua katikati ya mwaka, yaani katika miezi ile ile ya baridi na mawingu ya Juni hadi Agosti. Baraza lenye paa refu la zege huzuia jua la mchana kwa sababu jua hilo huwa karibu utosini. Nyumba yenye baraza wazi la mashariki kwa kawaida haihitaji taa kwa mboga za majani, na mtaalamu anayemshauri mwenye nyumba hiyo anunue taa hamtendei haki.

Taa zinazoonekana usiku kwenye mashamba ya maua ya Kenya nazo zisiwapotoshe watu. Maua kama hypericum yanahitaji mchana mrefu kuliko wa ikweta ili yachanue, na taa zile hurefusha mchana kwa mwanga hafifu unaouambia mmea kuwa usiku haujaingia. Chakula cha mimea hiyo hutoka kwenye jua. Taa ya ndani ya chumba hubeba kazi zote mbili, na ndiyo maana nguvu yake halisi ni jambo zito.

Wati za kwenye boksi

Hapa ndipo wanunuzi wengi wa Nairobi hupoteza fedha zao. Mada hii haimtuhumu mfanyabiashara yeyote wala chapa yoyote. Wauzaji wengi wa rejareja katika barabara za Luthuli na River Road, na wale wanaouza mtandaoni, hurudia yaliyoandikwa na mtengenezaji. Hata hivyo jambo lenyewe ni la wazi na limeachwa kwa muda mrefu mno: taa nyingi za bei nafuu zinazouzwa kama taa za kukuzia mimea huandikwa wati ambazo hazitumii. Taa iliyoandikwa wati 1,000 ikichomekwa kwenye soketi huweza kutumia wati 100 hivi tu.

Tarakimu hiyo hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuhesabu diodi na kuzidisha kwa uwezo wa juu kabisa wa kila moja: diodi 100 zinazoitwa za wati 10 hutoa wati 1,000 kwenye karatasi, ilhali draiva iliyomo, yaani kifaa kinachozilisha diodi umeme, huipa kila diodi wati moja hivi. Ya pili ni kudai kuwa taa inalingana na taa ya zamani ya sodiamu ya wati kadhaa, kisha neno la ulinganisho likachapishwa kwa herufi ndogo au likaachwa kabisa. Kwa njia zote mbili, tarakimu kubwa ya kwenye boksi haielezi umeme unaotumika wala mwanga unaotoka.

Madhara yake ni zaidi ya kulipa bei isiyo haki. Mnunuzi anayeamini ana wati 1,000 huiinua taa mbali na mimea akiogopa kuiunguza, kama maelezo yanavyomwambia. Mwanga hupungua haraka kadiri taa inavyoinuliwa. Dania inarefuka na kuanguka, letasi inakuwa na shina refu na majani membamba. Mwenye nyumba anaongeza mbolea, anaongeza maji, mizizi inaoza, na mwishowe anakata shauri kuwa kilimo cha ndani hakiwezekani. Maafisa wa ugani wanaoitwa kuchunguza udongo huchunguza kisichokuwa na kasoro. Ukulima wa mjini, ambao Kaunti ya Jiji la Nairobi iliutungia sheria mwaka 2015, hupoteza watu wenye nia njema kwa sababu ya lebo.

Udanganyifu huu hugunduliwa kwa urahisi. Pasi ya nyumbani hutumia wati 1,000 au zaidi kidogo, na kila mtu anajua joto lake. Taa ya wati 1,000 kwa umeme wa volti 240 huvuta zaidi ya ampea 4 na lazima itupe joto linalokaribia la pasi, kwa hiyo huhitaji bati zito la kupoza au feni zenye nguvu. Taa inayobebwa kwa vidole viwili, yenye waya mwembamba kama wa chaja ya simu, haiwezi kuwa na nguvu hizo. Kipimo cha uhakika zaidi ni mita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi, ambayo huonyesha wati zinazotumika wakati huo huo. Muuzaji aliye na taa nzuri hana sababu ya kuikataa.

Asiye na mita hiyo anaweza kutumia mita ya Kenya Power iliyo kwenye jengo. Mita hizo huwa na kitaa chekundu kinachomweka, na pembeni yake pameandikwa ni mimweko mingapi kwa uniti moja. Penye mimweko 1,000 kwa uniti, vifaa vyote vya nyumba vikizimwa isipokuwa taa, taa ya wati 100 hutoa mimweko 10 kwa dakika 6, na ya wati 1,000 hutoa mimweko 100 kwa muda huo huo. Mtoto wa shule anaweza kuihesabu.

Swali linalobaki ni kwa nini hali hii inaendelea. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mlaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa na taarifa anazohitaji ili afaidike nazo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inafanya hivyo pia. Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) huhakiki bidhaa nyingi kabla hazijapakiwa kuja nchini. Sheria zipo. Kilichokosekana ni mtu wa kupeleka taa yenyewe mezani, kuipima, na kulinganisha matokeo na boksi. Nchini Marekani shirika la DesignLights Consortium huorodhesha taa za kilimo zilizopimwa na maabara, na hukataa zisizofikia kiwango chake cha mikromoli kwa kila juli ya umeme. Orodha hiyo husomwa bure na yeyote, na Kenya ingeweza kuanza kwa kuirejelea.

Gharama

Kipimo cha kulinganisha taa mbili ni mikromoli kwa juli. Taa nzuri za sasa hutoa 2.5 au zaidi. Za ovyo hutoa 1.2 hivi. Chukulia rafu ya sentimita 60 kwa 90 inayohitaji mikromoli 200 kwa mita mraba kwa saa 14, yaani moli 10 kwa siku, kiasi kinachotosha mrehani, mnanaa na miche. Ikiwa asilimia 80 ya mwanga hufika kwenye majani, taa nzuri itatumia wati 54 na uniti 23 kwa mwezi; taa ya ovyo itatumia wati 112 na uniti 47 kwa matokeo yale yale. Kwa kadirio la shilingi 30 kwa uniti pamoja na tozo, ni shilingi 690 dhidi ya 1,410. Taa ya bei nafuu dukani huwa ghali kwenye tokeni. Tena, tangu Aprili 2023 bei ya uniti za nyumbani hupangwa kwa makundi ya hadi 30, hadi 100 na zaidi ya 100 kwa mwezi, na uniti 47 za ziada zinaweza kumhamisha mtu hadi kundi la juu.

Kwa hesabu hiyo hiyo, shilingi 690 hununua mafungu 34 ya sukuma wiki ya shilingi 20 kibandani. Sukuma wiki, terere na managu zibaki kwenye gunia nje, juani. Taa ina thamani kwa viungo vya majani vinavyouzwa ghali, kwa letasi, kwa miche itakayohamishiwa barazani, na kwa mboga changa zinazovunwa kabla ya majuma matatu.

Mapendekezo

Wanunuzi wapuuze wati za kwenye boksi na waulize mambo mawili: wati zinazotoka kwenye soketi na mikromoli zinazotoka kwenye taa, ambazo karatasi za watengenezaji makini huziandika kama PPF. Karatasi isiyokuwa na PPF iwe sababu tosha ya kuondoka dukani. Taa iwe nyeupe. Iwe na draiva inayoweza kutenganishwa na kubadilishwa na fundi, kwa kuwa diodi huweza kudumu saa 50,000 ilhali draiva hufa mapema, hasa mitaa ambayo stima hukatika na kurudi kwa kishindo. Kifaa cha kulinda friji kinaweza kuilinda taa pia. Iwe na kinga ya unyevu ikiwa itawekwa juu ya maji. Taima iwekwe, na spinachi na dania zisipewe zaidi ya saa 12, kwa maana mchana mrefu huziharakisha kutoa maua. Mwenye taa nyeupe anaweza kukadiria mwanga kwa programu ya simu inayopima luksi: luksi 14,000 ni karibu mikromoli 200.

Wauzaji waweke mita ya soketi kwenye kaunta na waandike kwenye risiti wati zilizopimwa. KEBS itazame uwezekano wa kutaka kila taa ya kukuzia mimea inayoingia nchini ioneshe wati halisi na PPF, na kuzuia tarakimu za ulinganisho zisichapishwe kwa herufi kubwa kuliko hizo. EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, ambayo tayari inasimamia lebo za matumizi ya umeme kwa vifaa kama friji, ifikirie kuongeza taa hizi. KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo lenye makao yake Loresho, na Chuo Kikuu cha Nairobi katika kampasi ya Upper Kabete, wana nafasi ya kupima taa zinazouzwa jijini na kutoa matokeo kwa umma kila mwaka, kwa Kiswahili na Kiingereza. Maafisa wa ugani wa kaunti wapewe mita za soketi kabla ya kupewa vitabu vingine, na wapime wati kabla ya kupima udongo. Wasimamizi wa fleti waruhusu wapangaji kuisoma mita ya jengo kwa jaribio lililoelezwa.

Hatua hizi zote zinategemea kupima wati halisi, na hakuna hata moja inayohitaji sheria mpya ya Bunge. Hadi taasisi husika zitakapochukua hatua, mnunuzi asitoe fedha kabla taa haijawashwa mbele yake na kupimwa kwa mita.